Mfupa wa Mtasema

Jumatano, jioni. Mvua.

Imeanza kunyesha tangu asubuhi na haina dalili ya kukata. Majirani wameshaanua karafuu zao, mikeka imekunjwa barazani, na mtaa wetu wote hapa mjini Chake unanuka karafuu mbichi. Nimerudi kazini, nimevua viatu vilivyorowa, nimejimiminia chai na sijaigusa. Nimechoka, na nina huzuni ambayo leo sina nguvu ya kuificha.

Shajara, nimekukimbia tangu msiba. Kila nikifungua ukurasa huu nilikuwa naandika sentensi moja, naifuta, nafunga. Nyinyi wachache mnaopita hapa mtandaoni kunisoma mliniuliza kulikoni na sikuwajibu. Mnisamehe. Leo najibu.

Mjomba Faki amefariki.

Ni kaka wa mama yangu. Likizo zote za utoto wangu nilizimaliza kwake, Makangale, na yeye ndiye aliyenifundisha kupanda mkorosho, kumenya muhogo kwa kisu kikubwa bila kujikata, na kunyamaza watu wazima wanapozungumza, ingawa hili la mwisho halikuniingia vizuri. Alikuwa mkulima na msasi. Kule karibu na msitu wa Ngezi nguruwe mwitu wakiingia shamba la muhogo, asubuhi unakuta mashimo tu, kwa hiyo wapo wanaume wachache wanaofuga mbwa wa kuwasaka. Kila mwenye shamba anawahitaji, na kila mwenye shamba anawasema. Mbwa ni najisi, na mwenye mbwa naye hutazamwa kwa jicho la pembeni.

Mjomba aliyajua yote hayo. Ndiyo maana mbwa wake wa mwisho, mwekundu, mwenye sikio moja lililochanika, alimwita Mtasema. Akipita mbele ya baraza la wanaomteta alikuwa anamwita kwa sauti kuliko haja: "Mtasema! We Mtasema! Njoo!" Watu wakainamisha nyuso kuficha kicheko. Hata Bi Time, mkewe, ambaye hakumpenda yule mbwa hata siku moja, alikuwa akicheka jikoni mpaka anashika mbavu.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kupuuza dini. Mtasema hakuwahi kuvuka kizingiti. Bakuli lake lilikaa nje, nyuma ya banda la kuni. Na kwenye mlango wa uani, karibu na birika, mjomba aliweka kopo la maziwa la zamani limejaa udongo safi, aliouchunga mwenyewe. Mate ya mbwa yakimgusa, hakuingia ndani mpaka akoshe mara saba, moja kwa udongo. Nilipokuwa mdogo nilikuwa namhesabia kwa sauti, na nikiruka hesabu ananirudisha mwanzo.

Sasa niwaambie kazi yangu, kwa sababu bila hiyo hamtanielewa.

Nafanya kazi maabara. Mnyama akifa na akashukiwa kichaa cha mbwa, kichwa chake huletwa kwetu kwenye boksi la barafu. Nachukua kipande kidogo cha ubongo, nakipaka kwenye kioo chembamba, nakikausha, nakiloweka kwenye dawa baridi ili kisiondoke. Kisha nadondoshea kingamwili. Kingamwili ni kinga ambazo mwili huzitengeneza ili kupambana na maradhi, kila moja na adui yake. Hizi zetu hutengenezwa kwa kazi moja tu, kumshika kirusi wa kichaa cha mbwa, na zimebandikwa rangi inayong'aa. Kirusi akiwemo, zinamng'ang'ania. Asipokuwemo, hazina pa kushika. Nasubiri kidogo, halafu naosha. Naosha tena. Zisizoshika kitu zinakwenda na maji, zilizoshika zinabaki. Baada ya hapo naingia chumba cha giza, naweka kioo kwenye hadubini, nawasha mwanga wa buluu, na natazama.

Ubongo wa mnyama mzima ni giza tupu. Wa mwenye kichaa huwaka vidoa vya kijani, kijani cha ndimu changa, vingine vidogo mfano wa vumbi, vingine vya duara, vimetapakaa ndani ya seli.

Na ni vizuri kutazama. Nasema hivi nikijua ninachokisema.

Kabla ya msiba huu tulikuwa na kipindi kirefu cha vioo vibovu. Rangi inafifia, au inachafuka, au kioo kizima kinang'aa ovyo kiasi kwamba huwezi kusema ndiyo wala siyo. Nilikuwa nimeanza kujitilia shaka. Ndipo likaja boksi kutoka Makangale. Mbwa aliyekutwa anapepesuka barabarani, taya limening'inia, mate yanamtoka. Vijana wa kijijini wakamuua na bwana mifugo akakata kichwa. Juu ya boksi palikuwa na namba na jina la kijiji, basi. Niliandaa kioo, nikaingia gizani, nikainama kwenye hadubini, na kikawaka. Safi kabisa. Nilisema alhamdulillahi kwa sauti, peke yangu, kama mtu aliyefungua chungu akakuta wali umeiva vizuri. Mkuu wangu alikuja akatazama, akanipiga bega, akasema leo umepatia.

Nikaiegesha kamera ya simu kwenye jicho la hadubini nikapiga picha. Nikaifanya picha ya mbele ya simu yangu. Kila nilipotazama saa, niliona ule ukijani.

Niliposoma jina la Makangale nilimkumbuka mjomba, bila shaka. Lakini msasi si yeye peke yake kule, na bwana mifugo alishakwenda kijijini kuuliza. Aliuliza swali ambalo sote tumezoea kuuliza: nani ameng'atwa? Akajibiwa hakuna. Mwenye mbwa hakung'atwa, mkewe hakung'atwa, majirani hawakung'atwa. Aliniletea habari hiyo kwa furaha, nami nikapumua.

Jibu lile lilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyeng'atwa.

Baada ya wiki kadhaa mama akanipigia simu. Mjomba yuko hospitali, ana homa, mkono wa kulia unamwasha na kumchoma, na maji hanywi. Alilisema hilo la maji mwishoni, kama jambo dogo. Mimi nilikaa chini hapo hapo sakafuni, simu ikiwa sikioni.

Nilipofika nilimkuta amekaa kitandani, macho makavu, anazungumza kwa akili zake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za Chake. Kisha akataka kutawadha kwa ajili ya adhuhuri. Bi Time akamletea birika na beseni. Akanawa mikono. Alipoyapeleka maji mdomoni kusukutua, koo likamkaba. Mwili mzima ulitetemeka, akarusha kichwa nyuma, birika likaanguka na maji yakatapakaa chini ya kitanda. Bi Time akabaki ameshika beseni, akisema, "Kwani maji yamemfanya nini huyu? Maji yamemfanya nini?"

Nilisubiri atulie. Nikamuuliza, "Mjomba, yule mbwa alikung'ata?"

"Hakuning'ata, mwanangu. Mtasema si mbwa wa kung'ata. Kakwamwa na mfupa kooni, nami hitia mkono kuutafuta. Basi wale wakenda wakamuua, na mfupa wake kooni."

Akanionyesha mkono wa kulia, ule aliotia kinywani mwa mbwa. Kwenye vidole palikuwa na makovu madogo ya miba, yale ambayo mkulima yeyote anayo. Kisha akasema, kunituliza mimi, kwamba alikosha mara saba, na udongo wa kopo ulikuwa mpya.

Hapo ndipo nilipojua kwamba yule mbwa alikuwa Mtasema. Simu yangu ilikuwa mkononi mwangu, na ubongo wa mbwa wake ulikuwa unawaka nyuma ya saa.

Kwa asiyejua niseme wazi. Kichaa cha mbwa hakihitaji meno. Mate yakikuta kidonda tu yanatosha. Kukosha ni jambo jema, sisi wenyewe tunawaambia watu wakoshe kwa maji mengi na sabuni kabla ya jambo jingine lolote, na wazee wetu walikosha kabla maabara yetu haijakuwepo. Lakini baada ya kukosha lazima sindano ifuate, tena mapema, mtu akiwa bado mzima. Maji yakishaanza kumtisha, hakuna tena dawa. Daktari alimvuta mama kando akamwambia. Mimi sikuhitaji kuambiwa.

Sala zake za mwisho alizisali kwa kutayamamu. Bi Time aliagiza lile kopo la udongo liletwe kutoka nyumbani. Aliliweka kitandani, mjomba akapiga viganja vyake juu ya udongo, akapaka uso, akapaka mikono, na akasali amekaa. Nilitoka nje. Sikuweza kutazama.

Tulimzika Makangale, karibu na mama yake. Walioosha maiti walivaa glavu nilizowapelekea, na hakuna aliyenilaumu kwa hilo.

Nilidhani huo ndio mwisho wa msiba. Kumbe.

Siku ya hitima, akina mama wamekaa uani wanachagua mchele, Bi Time akasimulia kwa sauti ya kawaida kabisa jinsi siku ile ilivyokuwa. Mbwa alikuwa amekaa mdomo wazi, udenda unamtiririka. Mjomba akasema huyu amekwamwa na mfupa, nisaidie. "Basi mie himshika taya kuno na kuno," alisema, akionyesha kwa mikono yake miwili, "yeye katia mkono."

Niliitazama mikono ile. Tulikuwa kwenye msimu wa karafuu. Bi Time huchambua karafuu za watu, anatenga punje na vikonyo kutwa nzima, na vidole gumba vyake vilikuwa vimepasuka mpaka nyama nyekundu inaonekana.

Daktari alisema waliomgusa yule mbwa na waliomuuguza mjomba wote wachomwe sindano. Wengine wote walikwenda. Mimi nilikwisha kuchomwa zamani kwa sababu ya kazi. Aliyebaki ni mmoja, naye ndiye aliyeshika taya.

Nilikwenda Makangale mara nyingi kuliko nilivyokwenda mwaka mzima uliopita. Kila nikienda alinipokea vizuri, akanipa chai na mkate wa kumimina, akakataa. Kwanza alisema, "Mwanangu, mie niko edani, eti nikatembee hospitali?" Nikaenda kwa shehe wa msikiti wao. Shehe akamtumia salamu kwamba matibabu ni dharura, mjane anaruhusiwa kutoka mchana kwa ajili yake. Akasikia, akaitikia vizuri, na hakutoka. Nikasema basi muuguzi aje nyumbani. Akasema, "Hino sindano ya nini, na mie nimekosha mara saba? Au tohara hino haitoshi tena?" Nikamwambia, Bi Time, tohara ni ya sala na hukuikosea, sindano ni ya mwili. Akaniambia nimesoma sana. Si kwa kunisifu.

Nilikuwa silali vizuri. Ugonjwa huu unaweza kujificha mwilini wiki, unaweza kujificha miezi, na hauonyeshi chochote mpaka siku unapoanza. Kila simu ya mama ikilia nilikuwa nasikia birika linaanguka. Nilimkasirikia Bi Time, nawaambia ukweli. Nilimkasirikia mjane wa mjomba wangu akiwa bado edani, na nikarudi nyumbani nikajionea haya.

Jumapili iliyopita nikakosa adabu. Nilimwambia, "Bi Time, unataka kufa?"

Alikuwa ameinama anapepeta mchele. Hakuinua uso. Akasema, "Mfupa ule nilimpa mie."

Sikuelewa. Akarudia. Jioni moja alibakiwa na kichwa cha samaki aina ya changu, kikubwa, na badala ya kukitupa akakipeleka bakulini kwa Mtasema, kwa huruma tu, yeye ambaye hakumpenda. Asubuhi yake mbwa akawa vile. "Hapana mwengine aliyempa mfupa. Mume wangu katia mkono kwa mfupa wangu. Leo nikachome sindano nipone mie? Niache."

Hili sikulifikiria kabisa. Nilikuja na majibu ya eda, na majibu ya tohara, na majibu ya hofu ya sindano. Kumbe mwenzangu alikuwa anajihukumu kila siku, mwenyewe, uani kwake, na mimi nilikuwa nagonga mlango usio wake.

Nikamwambia hapakuwa na mfupa. Mbwa mwenye kichaa taya lake hulegea, koo halimezi, udenda humwagika, na kila anayemwona husema amekwamwa. Akaniuliza, "Weye uliliona koo lake?"

Sikuliona. Niliona ubongo. Ningeweza kusema nililiona, na nadhani hata nyinyi mngenisamehe. Nikasema, "Koo sikuliona, Bi Time. Niliuona ubongo, na ugonjwa umejaa." Nikamfungulia picha kwenye simu. Nilikwisha kuiondoa mbele ya simu, lakini nilikuwa sijaifuta. Akaitazama kwa mbali, akaisukuma kwa kidole.

"Wajukuu zangu hunionyesha humo paka wanaoimba taarabu," alisema. "Picha za simu nishaziacha."

Kisha, baada ya kupepeta ungo mzima, akasema, "Hicho unachotazamia, mtu mwengine aweza kutazama?"

Ndiyo maana leo imekuwa siku hii.

Asubuhi nilitoa kipande kilichobaki cha ubongo wa Mtasema kwenye friza, nikaanza upya. Kioo kile cha zamani kilikwisha kufifia, havidumu. Mkuu wangu alikubali, hakuuliza sana. Niliogopa kioo kitachafuka, leo kuliko siku zote, na kwamba Bi Time atainama aone ukungu tu, kisha arudi zake Makangale na mfupa wake.

Gari ya kukodi ilimleta saa nne na mvua yake. Alikuwa na nguo zake za eda, ameinamisha uso, hakutaka kusalimiana na mtu njiani. Mlangoni aliniambia, "Nimekuja kuona. Sindano sijasema." Nikasema sawa.

Ndani ya chumba cha giza alishika mkono wangu. Nikamkalisha kwenye stuli, nikamwonyesha pa kuweka jicho. Kwanza nikamwekea kioo cha mbwa mzima.

"Sioni kitu," alisema.

"Ndivyo. Huyu alikuwa mzima."

Kisha nikaweka cha Mtasema. Nikakilenga mwenyewe kwanza, na kilikuwa safi. Nikampisha.

Alisema bismillahi, akainama. Nilikuwa nasikia mvua juu ya bati na pumzi zake. Nilitamani asiseme lile neno, na akalisema.

"Mbona kizuri?"

Nikalia. Gizani, kwa hiyo hakuniona, au aliniona akanistahi. Nilimwambia sijui, Bi Time, ni rangi tunayotia sisi, yeye mwenyewe hana rangi. Kila doa la kijani ni mahali ambapo ugonjwa umekaa. Akauliza kama umekaa pote hapo. Nikasema pote. Akauliza kama waweza kujaa hivyo kwa usiku mmoja. Nikasema hapana, kufika pale na kujaa vile unahitaji siku. Mbwa huyu alianza kuugua kabla.

Hakuondoa jicho. Akaanza kuzungumza taratibu, akiwa bado ameinama, kama anayemwambia yule mbwa.

"Maji aliyakataa. Kabla sijampa kile kichwa. Mchana wake himkuta kalitazama bakuli, hanywi. Mie hiyamwaga hitia mengine, nikidhani yana mdudu."

Nikamuuliza ana hakika ilikuwa kabla.

"Kabla. Kichwa himpa jioni. Na hakukila. Asubuhi kilikuwapo vile vile, na sisimizi juu yake." Akaongeza, "Nilikitupa mie mwenyewe. Kizima."

Kizima. Alikuwa na jibu lake tangu siku ya kwanza, ila mtu akishajihukumu hatazami tena ushahidi.

Akasema, "Inazimika." Kweli ilikuwa inafifia. Nikamweleza kwamba rangi hii ukiitazama sana kwenye mwanga ule hupotea. Akaitazama mpaka ikapotea kabisa, ndipo akainua uso.

Hospitali si mbali na kwetu. Nilimshikia mwavuli. Hakusema sindano nakubali, alitembea tu, nami nikatembea naye. Muuguzi alikuwa mwanamke mtu mzima, akamwita mama, akamkalisha. Bi Time akapandisha mkono wa nguo mpaka begani, akatazama ukutani. Hakutikisika hata kidogo.

Alipokuwa anaushusha mkono wa nguo ndipo aliponiuliza.

"Hino sindano, Faki ingalimfaa?"

Ningetoa chochote nisiulizwe swali hilo. Nimejiuliza mwenyewe kila siku tangu birika lilipoanguka, na jibu lake nalijua. Nikamtazama muuguzi, muuguzi akajishughulisha na pamba.

Nikasema, "Ingalimfaa, kama angalichomwa mapema."

Akatikisa kichwa polepole, mara kadhaa. Akasema, "Basi pa kulilia ndipo hapo. Mie nilikuwa nalia pasipo pake."

Na akalia. Sikuwa nimemwona akilia tangu msiba, si hospitali, si wakati wanaume wanarudi kutoka kaburini, si hitimani. Alilia kwa sauti, mbele ya watu kwenye foleni, na hakuna aliyemnyamazisha. Muuguzi alifunga dirisha mvua isiingie.

Mchana nilimpigia bwana mifugo. Tumekubaliana swali libadilike. Hatutauliza tena nani ameng'atwa. Tutauliza nani alimgusa, nani alimlisha, nani alimfungua mdomo. Ni maneno machache, tena mepesi. Kama yangeulizwa siku ile, mjomba angejibu bila kuficha, maana hakuwa na cha kuficha. Alimtia mkono mbwa wake kinywani kwa sababu alimpenda, na angelisema hilo hata mbele ya baraza lote.

Picha nimeifuta. Nyuma ya saa sasa pana weupe tu.

Nimebakisha jambo moja, nalo ndilo lililonifanya niandike leo. Alipomaliza kulia, Bi Time alijifuta uso kwa ncha ya ukaya aliojitanda kichwani, akasema ana kiu. Muuguzi akamletea glasi ya maji. Ni kitu cha kawaida, mtu amelia, amepewa maji. Lakini mimi nilisimama. Niliitazama glasi inapanda, niliutazama mdomo, nililitazama koo lake. Funda la kwanza likashuka. La pili likashuka. Akainywa yote mpaka chini, akashusha glasi, akaniona nilivyosimama. Alinielewa.

Akamrudishia muuguzi glasi, akaomba nyingine.

Mvua bado inanyesha, na chai yangu imekuwa baridi. Sindano zimebaki kadhaa, na njia ya Makangale ni mbaya wakati huu. Kesho asubuhi nitampigia. Sitamuuliza hali, kwa sababu atasema njema hata kama si njema. Nitamuuliza kama amekunywa maji.